Uzi wa Kijani Kwenye Kompyuta ya Shangazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba namba 4, Jumatatu tarehe 17 Machi, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Mtaani anaitwa Mama Sindano.
Umri: miaka 41.
Kazi: fundi cherehani.
Makazi: chumba cha tatu, nyuma ya ghala la magodoro.

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu. Sijatishwa wala sijaahidiwa kitu. Nimeambiwa nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Ila namwomba afande aandike ninavyosema, asininyooshee maneno kwa pasi.

Sikusomea kompyuta. Nilinunua moja kuukuu ya kuhifadhia vipimo vya wateja, ikanisumbua mpaka nikaijua tabia. Tangu siku hiyo ukoo mzima umenigeuza fundi wao. Simu ikilia asubuhi najua tu: "Njoo bwana, imezima yenyewe. Sijagusa kitu." Hilo ndilo neno lao wote. Ukifika unakuta waya umechomolewa, au kibodi imenyweshwa chai, au mtu kafuta picha za harusi yake mwenyewe, lakini hajagusa kitu! Siku hizi mtu akiniambia hajagusa kitu, naanza kutafuta alichogusa.

Mlalamikaji ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Ana miaka 74, ni mkunga mstaafu, hana mtoto, anaishi peke yake kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe chumba kimoja kimoja. Ana kompyuta ya mezani sebuleni. Mimi ndiye niliyemfungulia barua pepe. Neno la siri lilikuwa linamtoka kila wiki, kwa hiyo niliandika kwenye kipande cha kitambaa nikakibana kwa pini chini ya kitambaa cha meza. Nakubali ulikuwa ujinga. Siku ninakibana, kaka yangu alikuwepo, akacheka akasema, "Wewe siku moja utatuibia wote." Hati ya nyumba nayo niliipiga picha kwa mashine ya kuchapa, ambayo hupiga picha karatasi pia, nikaihifadhi humo humo, kwa sababu Shangazi aliogopa mchwa.

Naomba nieleze kuhusu nyuzi, maana ndiyo kesi yenyewe. Shangazi haoni vizuri na waya zote ni nyeusi. Nikamfungia nyuzi za rangi: nyekundu waya wa umeme, nyeupe wa kipanya, kijani wa mashine ya kuchapa. Waya huo wa kijani hautumiki sana, kwa hiyo huwa naukunja na kuufunga kabisa kwa uzi, usimkwaze. Akitaka kuchapa kitu ananiita, kwa sababu vidole vyake vimekakamaa na fundo hawezi kulifungua. Mtu yeyote akitaka kuitumia mashine hiyo ni lazima afungue uzi wa kijani kwanza.

Mnamo Jumatatu tarehe 3 Machi, saa tatu asubuhi, Shangazi alinipigia kwamba kioo kimekufa. Nilifika saa tatu na nusu. Hakikufa, waya ulilegea tu alipokuwa anafuta vumbi. Nilikaza, nikachapa barua yake moja ya shukrani, nikaukunja waya wa kijani nikaufunga, nikaondoka saa tano.

Jumanne tarehe 4 sikwenda kabisa. Nilikuwa kibandani nashona sare za shule. Mteja wa kwanza alikuja saa sita mchana. Kabla ya hapo nilikuwa peke yangu, na cherehani haiwezi kunitolea ushahidi. Shangazi alikuwa zahanati kupimwa presha. Alipelekwa na kaka yangu kwa gari, saa tatu asubuhi, na akarudishwa naye saa saba. Katikati hapo kaka alimwacha kwenye foleni, akasema anakwenda kutia upepo matairi. Mkoba wa Shangazi wenye funguo za nyumba ulibaki garini.

Jumatano tarehe 12, saa tisa alasiri, karani wa wakili alifika kwa Shangazi na karatasi. Inasema nyumba imeshauzwa kwa ridhaa yake na atoke ndani ya siku thelathini. Shangazi alidhani wamekosea mlango. Karani akamwonyesha barua ya ridhaa iliyotoka kwenye barua pepe yake, iliyochapwa, ikatiwa saini inayofanana na yake na kupigwa picha, pamoja na picha ya hati.

Niliitwa saa kumi. Nilimkuta Shangazi amekaa, kaka amesimama nyuma yake, na jirani muuza mkaa mlangoni kama shahidi. Niliwasha kompyuta nikafungua barua zilizotumwa. Ipo. Imetumwa Jumanne tarehe 4, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Shangazi akaniuliza, "Neno la siri nani analijua?" Nikasema, "Mimi na wewe." Akauliza, "Mashine ya kuchapa nani anaitumia?" Akauvuta waya wa kijani, akaliangalia fundo karibu na pua yake. "Hili ni fundo lako. Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo zangu zote unanishonea wewe."

Afande, nimetukanwa na wateja, nimeitwa mwizi wa vitambaa, sijawahi kulia. Siku hiyo nililia mbele ya muuza mkaa.

Lakini kabla machozi hayajanijaa niliona lile fundo. Ni fundo la mama yetu. Alikuwa mshonaji, alitufundisha mimi na kaka tukiwa tumekaa chini ya meza yake: unazungusha mara mbili, unapitisha mkia chini, unavuta kwa kidole kimoja. Sijaona mtu mwingine akilifunga duniani. Mama ameshafariki, tumebaki wawili. Mimi mkia wangu unalala kulia. Kaka ni mashoto, na wake unalala kushoto. Mama alikuwa akimtania kwamba anashona kwenye kioo. Fundo nililoliona kwenye waya wa kijani mkia wake ulilala kushoto.

Alilifunga tena ili pasionekane kitu. Angefunga ovyo tu, nisingejua. Ila mkono una mazoea yake, haukumwuliza.

Sikusema. Siku tano sikusema, na hili pia liandikwe. Kaka yangu ni fundi wa makochi, ana miaka 49. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, zikatoka mabonde na milima, watoto wa shule wakanicheka mpaka akajifunza. Cherehani yangu ya kwanza aliibeba begani kutoka sokoni. Nilijiambia labda nimeona vibaya. Nilijiambia kuna mashoto wengi. Nilijidanganya kila namna. Lakini ni yeye ambaye kwa miaka miwili amekuwa akimwambia Shangazi nyumba ni kubwa mno, auze, ahamie kwake. Shangazi alikuwa akimjibu, "Humu nitatoka nimebebwa." Na huyu kaka kila mtu anamsikia akisema kompyuta haijui hata kuiwasha. Mwaka jana nilimfundisha kutuma picha za makochi kwa wateja. Alijifunza kwa nusu saa.

Leo asubuhi amenileta hapa kwa gari lake. Njiani alisema, "Mdogo wangu, nisikilize. Sema ulibonyeza vibaya. Mashine hizi zina mambo yake. Shangazi atasamehe, tutalimaliza kifamilia." Nikamwuliza, "Na nyumba?" Akasema, "Nyumba imeshakwenda, tuangalie wewe usifungwe." Nikamwuliza kama yeye aliiona barua siku ile ya zahanati. Akawasha redio.

Hapo ndipo lile la labda likaniisha. Mtu anayeamini sikufanya haniambii nikubali. Na mtu anayedhani nilifanya angenigombeza, maana kaka akikasirika hunigombeza. Leo alikuwa mpole mno.

Shangazi atatolewa kwenye nyumba yake tarehe 11 mwezi ujao. Kati ya yeye kulala nje na kaka yangu kulala ndani, nimechagua, na nimechagua nikiumia. Kama kuna njia ya kumwambia wakili asimamishe kila kitu leo, basi leo.

Uzi wa kijani bado uko pale kwenye waya. Sijaukata wala sijaufungua. Nendeni mkauone wenyewe kabla mtu hajakumbuka. Kaka yuko nje kwenye benchi, ananisubiri anirudishe nyumbani. Naomba nitolewe kwa mlango mwingine.

Ninayoyajua yameishia hapa. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema, na natia saini yangu.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Mbele yangu alifunga mafundo mawili kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la gauni lake, yote mkia kulia. Yameambatishwa. Askari wawili wametumwa nyumbani kwa mlalamikaji, na wakili amepigiwa simu saa tano na dakika ishirini. Shahidi ametolewa kwa mlango wa nyuma. Baada ya hapo nilimwita ndani kaka wa shahidi aliyekuwa kwenye benchi. Nilimpa kalamu aandike jina lake, akaipokea kwa mkono wa kushoto. Kabla sijamwuliza lolote alisema, "Afande, mimi sijagusa kitu."

Sajenti wa zamu (saini), saa tano na dakika thelathini na tano asubuhi.