Mutani Kaburini

Feza mujukuu wangu,

Huku Kalemie tuko wazima, mama yako ametoka Moba na maharagi. Barua yako nimewasomea majirani wote: mutoto wetu anasoma Ulaya habari za waandishi wa zamani waliowacheka wakubwa kwa Kijerumani!

Unauliza kwa nini wahakiki waliowashambulia waandishi hao ndio waliowajua sana. Tulipomuzika baba yangu kule Kirungu, mutani wake, muntu wa ukoo wenye ruhusa ya kutucheka hata kwenye matanga, alilala ndani ya kaburi akapiga kelele: "Bahili huyu, alificha samaki wageni wakibisha hodi!" Nilikunja ngumi. Halafu akaiga kikohozi cha baba, kile cha kabla ya kudanganya, nikamusikia baba mwenyewe. Kumbe alikuwa amemusikiliza kuliko sisi watoto.

Mutani wangu nimeshamuagiza: siku yangu, aseme nilijivuna kupita kiasi. Atataja jina lako.

Babu yako