Jina Lililorukwa

Harrowclough, Lancashire
Ijumaa, 24 Mei 1912

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimetulia, na Mama ameacha kukufungia ndani kama kuku anayeatamia. Mwambie fulana ya sufu aliyonifumia ninaivaa mpaka leo, maana mvua ya hapa haijui kwamba ni Mei. Mwili wangu ni mzima. Ulinifundisha kwamba barua njema huanza na habari njema, lakini nimeshika kalamu tangu saa kumi na moja jioni, na habari njema niliyoipata ni hiyo ya fulana tu.

Unamkumbuka Ezra Dewhurst. Wewe ndiye uliyenipeleka kumtazama nilipokuwa na miaka tisa, alipopita na mpira ukingoni mwa uwanja, upande wa kushoto, na beki wa wageni akabaki amekaa matopeni kama mtu anayengoja aletewe chai. Ameichezea klabu yetu misimu kumi na miwili. Alitoka kwenye mitambo ya kufuma ya Bwana Ormerod, mwenyekiti wetu, na siku ya majaribio alikuja na viatu vya mbao kwa kuwa hakuwa na buti. Misimu sita amekuwa nahodha. Mwaka juzi alicheza dakika sabini mfupa wa bega umevunjika, akasema baadaye kwamba hakutaka kumsumbua daktari aliyekuwa akiifurahia mechi.

Siku hizi wale wa nyuma ya goli wanamwita Babu. Goti lake likigoma humpigia kelele wakimwuliza mkongojo ameuacha wapi. Yeye hujibu bila kugeuka, "Nimemwazima mama yako!" na uwanja mzima hucheka.

Ana miaka thelathini na mitatu. Mwezi uliopita klabu moja ya pwani ya mashariki, ya daraja letu, ilimwita: acheze misimu miwili iliyobaki mguuni mwake, kisha awe mkufunzi wa vijana. Aliomba ruhusa. Bwana Ormerod alimwandalia chai ya kumuaga, akampa saa ya ukutani mbele yetu sote, akamshika mkono na kumwambia aende na baraka zetu. Ezra alirudisha nyumba aliyopanga, akamtanguliza mkewe Tamar na watoto huko pwani. Mimi mwenyewe nilimsaidia kubeba kitanda hadi stesheni.

Sasa, Baba, kila mwezi wa Mei klabu hupeleka kwenye Ligi orodha ya wachezaji inaobaki nao. Mtu ambaye jina lake limo hawezi kuichezea klabu nyingine yoyote ya Ligi, awe analipwa au halipwi, mpaka klabu yake ipende kumwachia. Kwetu orodha hiyo huandikwa hivi: katibu, mzee Tobias Grimshaw, ambaye macho yake yamefifia, husoma majina kutoka kwenye daftari lake lenye herufi kubwa, nami karani wake huyaandika kwa mwandiko safi. Mwenyekiti hangoji tumalize. Siku za Jumanne yuko mbioni kwenda soko la pamba la Manchester, kwa hiyo husaini chini ya karatasi tupu na kuondoka.

Jumanne ya tarehe saba aliingia kofia ikiwa kichwani, akasema tumwandike Dewhurst.

Mzee Grimshaw alivua miwani akamkumbusha ile chai. Bwana Ormerod alicheka. "Chai nilimnywesha," alisema. "Ruhusa sikumpa." Mzee akauliza kama basi atacheza kwetu msimu ujao. Akajibiwa kwamba hatacheza kwetu wala kwingine; atakaa mpaka goti lishike kutu. Alieleza sababu bila haya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Miaka mitatu iliyopita, wachezaji walipoamriwa kujitoa kwenye chama chao cha kutetea haki, Ezra alikuwa wa mwisho kukubali, na alimwambia mwenyekiti mbele ya wafumaji kwamba mchezaji si kitambaa cha kupimwa kwa yadi. Bwana Ormerod alikuwa amelitunza neno hilo miaka mitatu. Akasaini karatasi tupu, akatazama saa, akaenda zake.

Baba, huyu ndiye anayetuongoza katika sala kila Jumapili. Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Saa sita mchana Ezra mwenyewe akaja kurudisha ufunguo wa kabati lake. Huniita Kalamu. Aliniambia nikifika pwani atanilisha samaki mpaka niote mapezi, ila nije na mawe mfukoni, maana kwa uzito wangu upepo wa bahari utanipeleka hadi Denmaki. Mzee Grimshaw aliinamia droo akijifanya anatafuta kitu. Mimi nilicheka, nikamshika mkono, nikamtakia safari njema. Sikudhani kwamba ninaweza kucheka hivyo.

Baada ya chakula cha mchana mzee alisoma, nami nikaandika. Jioni ile orodha ikaenda posta.

Jana, Alhamisi, ilirudi ikiwa imechapishwa pamoja na za klabu nyingine zote, na jina la Dewhurst halimo. Tangu Jumatatu alikuwa ameshatia saini pwani. Bwana Ormerod aliingia akiwa mwekundu mpaka masikioni. Alipiga ile karatasi juu ya meza yangu, kisha juu ya meza ya mzee, akauliza ni kipofu gani ameifanya klabu yake kichekesho cha Lancashire nzima. Alimsimamia mzee Grimshaw akamwuliza kwa herufi moja moja: jina lile alilisoma au hakulisoma?

Mzee aligeuza kichwa. Alinitazama, Baba, si kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nililiruka, bwana. Ni macho yangu."

Aliambiwa akusanye vitu vyake. Amekaa kwenye kiti kile miaka ishirini na miwili, na vitu vyake vyote vilienea katika sanduku la biskuti.

Sasa nikuambie lile lililonifanya nishike kalamu. Mzee Grimshaw hakuliruka jina. Alilisoma mara mbili, kwa sauti, kama anayemsomea kiziwi. Nililisikia mara zote mbili. Kalamu yangu ilikuwa na wino na mkono wangu ulikuwa mzima, nami nikaandika jina lililofuata. Sikupanga. Niliyafikiria yale mawe ya mfukoni, na mistari ikawa imekwisha, na saini ya mwenyekiti ilikuwa inanitazama kutoka chini. Niliwaza kwamba hakuna atakayegundua. Halafu niliwaza kwamba wakigundua, nitasema. Jana waligundua, nami nilimtazama mzee akipanga vitu vyake mpaka alipofunga sanduku.

Nilimkimbilia kwenye ngazi. Nilimwambia narudi kwa mwenyekiti sasa hivi. Alinishika koti kwa nguvu nisizodhani anazo. Alisema kosa la mzee asiyeona ni kosa tu, na Ligi hairudii orodha kwa ajili ya kosa. Bali karani akikiri kwamba alilificha jina kwa makusudi juu ya saini ya mwenyekiti, hiyo itaitwa hila, orodha itabatilishwa, na Ezra ataburutwa hadi hapa akae mpaka aoze. "Kwa hiyo funga bakuli lako, kijana," alisema. "Wewe huwezi kuwa mkweli peke yako." Kisha akaniambia niende nikavae kofia kwa kuwa mvua inanyesha, akashuka akipapasa ukuta.

Usiku kucha sikulala. Nikisema, namwangamiza Ezra. Nikinyamaza, mzee anakufa akiitwa kipofu aliyeharibu kazi. Nami nimekuwa nikinyamaza, na siwezi tena kujua kama nanyamaza kwa ajili ya Ezra au kwa ajili yangu.

Leo asubuhi Bwana Ormerod aliniita ofisini kwake. Nilikwenda nikijua amegundua. Alinikalisha. Alisema mwandiko wangu ni safi, kichwa changu kimetulia, na kwamba wewe ulipomletea mtoto wako hukumdanganya. Kuanzia Jumatatu mimi ndiye katibu wa klabu. Nilisema asante, bwana. Nilisikia sauti yangu ikilisema neno hilo.

Amesema atakuandikia mwenyewe kukupongeza, na atamwomba mchungaji wenu awatangazie waumini Jumapili hii. Ndiyo maana barua hii inaondoka kwa treni ya leo, ikufikie kabla ya yake. Watu watakuja kukushika mkono mlangoni mwa kanisa, Baba. Nakuomba, siku hiyo kifua kikusumbue kidogo, ubaki nyumbani.

Mbusu Mama, usimwambie. Wasalimie wote wanaoniulizia.

Mimi mwanao, ninayekupenda na kukuogopa,
Clement Yates