Taa za Mbele za Kaka Shaibu

Jumapili. Joto la kunata tangu asubuhi, mawingu yamejaa upande wa Msumbiji na mvua hainyeshi. Mume wangu Bakari amelala chumbani, mkono wake juu ya mto. Mimi nimekaa barazani na simu, naandika, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitatukana.

Nianze na gari.

Kaka yangu Shaibu anaishi Ubelgiji miaka mingi sasa. Safari hii amekuja likizo, na hakuja kama watu wanavyokuja, na begi na chokoleti. Amekuja na gari lake. Alilipakia melini hadi Dar, akapata kibali cha mgeni, akaliendesha hadi Mtwara kwa mama yetu, Magomeni ya huku. Asubuhi analiosha. Jioni analipitisha mitaani. Likisimama, analizunguka na kitambaa. Ni jeusi, refu, usukani uko kushoto, na mama akipanda anakaa kulia, mahali anapokaa dereva wa kwetu, anapungia watu mkono kama anaendesha yeye.

Nilicheka kama wengine. Acha mama afurahi, nikasema.

Lakini gari la kule limetengenezewa barabara za kule, wanakopita kulia. Taa zake za mbele zinaegemea kulia, zimulike ukingo wa njia yao. Ukilileta huku tunakopita kushoto, mwanga ule ule unamwangukia machoni mtu anayekuja mbele yako. Unaweza kuzipunguza unavyotaka, bado unampofusha.

Haya sikuyasoma mahali. Yalinikuta. Wiki iliyopita nilikuwa natoka kazini na kigari changu, kiza kimeshaingia, nikakutana na taa nikadhani dereva amewasha full. Nikamwashia kumkumbusha. Naye akawasha full yenyewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba ile ya kwanza haikuwa full. Nilisimama pembeni, sioni barabara wala mtaro, nikasubiri apite. Alipopita nikaona ni kaka.

Kesho yake nikamwambia, kwa adabu, maana ni mkubwa wangu. Akacheka. Akasema watu wa Mtwara wanapenda gari zuri, kila akipita wanamwashia taa kumsalimia, na yeye hujibu salamu.

Salamu! Mji mzima unamtukana kwa taa, yeye anaitikia.

Nikamweleza tena, taratibu. Ndipo akanionyesha kitu ambacho ningependa nisingekiona. Alifungua kisanduku cha dashibodi, akatoa pakiti ya stika nyeusi, ndogo. Akasema hizi hubandikwa juu ya taa kuziba ule mwanga unaokwenda kulia. Yeye huzibandika kila anapovuka kwenda Uingereza, kwa sababu Waingereza nao wanapita kushoto kama ninyi.

Kama ninyi. Mtu aliyezaliwa Magomeni.

Nikamuuliza kwa nini basi asizibandike hapa. Akairudisha pakiti ndani, akafunga kisanduku.

"Zuhura," akasema, "huku nani ataniuliza?"

Kwa hiyo hakuwa mjinga. Mjinga ningemsamehe. Alijua taa zake zinafanya nini, alijua dawa yake, na dawa alikuwa nayo garini. Aliona tu kwamba macho yetu hayastahili stika.

Alhamisi tulimwalika chakula cha jioni hapa Likombe. Bakari ndiye aliyetaka. Mimi nilikuwa na kinyongo, lakini yeye alisema shemeji hawezi kukaa mji mmoja na sisi akarudi Ulaya bila kula kwetu. Nikapika wali wa nazi na changu wa kukaanga. Magharibi umeme ukakatika, friji likanyamaza, na kaka alikuwa ameshatangaza kwamba hanywi kitu cha moto. Bakari akavaa shati, akawasha pikipiki, akaelekea mjini kutafuta soda baridi na barafu kwa ajili ya mgeni.

Kaka akafika. Akanisifu harufu ya jikoni, akakaa mkekani, akanawa. Akasema njiani kuna bodaboda mmoja alikuwa anakuja mbele yake anayumba kama mlevi, akaingia mtaroni na pikipiki yake. Akasema madereva wa huku wanapewa leseni kama pipi.

Nilikuwa nampakulia samaki. Nikamuuliza kama alisimama kumtazama. Akasema hapana, palikuwa na kiza, na mtu akisimama ovyo barabarani anaweza kuibiwa.

Nikamwekea limau pembeni ya sahani. Sijui kwa nini nalikumbuka limau.

Simu ikaita kabla hajamaliza kula. Muuza chips wa njia panda, anamfahamu Bakari, akasema tumempeleka hospitali, njoo dada, ana fahamu zake. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili na ubavu umechubuka. Bakari ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Mkono ule ndio unaotulisha.

Kaka alitupeleka hospitali mwenyewe, mimi na mama tuliyempitia njiani. Nilikaa kiti cha mbele, nikawa natazama kila pikipiki tuliyokutana nayo inavyotetereka. Yeye naye alikuwa anatazama. Hakusema neno tena kuhusu leseni.

Bakari alipoingizwa chumba cha kufungwa mkono, tulibaki koridoni. Kaka akamnong'oneza mama. Mama akanivuta pembeni, akasema mambo haya ni ya Mungu, hakuna aliyekusudia, na mume wako akijua ni gari la Shaibu, undugu utakufa. Kaka alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Mtu mzima amejificha nyuma ya gauni la mama yake.

 Usiku ule nilikaa na Bakari na sikumwambia, kwa sababu alikuwa na maumivu, nikasema apumzike kwanza.

Ijumaa baada ya swala wakaja kumtazama wodini. Kaka alileta zabibu, ambazo sijui alizipata wapi Mtwara hii. Bakari alifurahi. Alijiinua kidogo kitandani, akaomba radhi kwamba soda hazikufika. Alimwomba radhi yeye! Kisha akamwambia, kwa huruma kabisa, uso wake bado umevimba:

"Shemeji, ile njia ya kuja kwetu uwe mwangalifu. Kuna mtu ana gari lina taa mbaya sana. Wewe mgeni, asije akakuumiza."

Nikamtazama kaka. Nilimpa nafasi. Naapa nilimpa nafasi ya kutosha mtu kusema "ni mimi", maneno mawili tu. Aliinamia zile zabibu, akachuma moja, akaila. Akasema madereva wa huku, bwana.

"Ni yeye," nikamwambia Bakari. "Gari ni lake. Nilimwonya, akacheka."

Mama akasema ya Rabi. Kaka akaanza kueleza kwamba taa zimekaguliwa Ulaya, na kwamba barabara haina mistari, na pikipiki nayo ilikuwa na taa hafifu. Alieleza sana. Bakari alimsikiliza mpaka akaishiwa. Mume wangu si mtu wa ugomvi, na sauti yake haikupanda.

"Uliniona nikianguka?"

"Niliona pikipiki," kaka akasema.

"Juu yake hukuona mtu."

Hakulisema kama swali. Kisha akageuza uso ukutani, na mimi nikaona aibu kwa damu iliyomo mwilini mwangu.

Nilitoka na kaka mpaka uani. Nikamwomba ufunguo. Alinipa bila ubishi, hilo namhesabia. Nikafungua kisanduku, nikatoa stika, nikafuta vumbi kwenye taa kwa ncha ya mtandio wangu, nikaanza kubandika kwa kufuata picha za kwenye pakiti. Walinzi wanatazama, wagonjwa wanatazama. Alisimama kando yangu muda wote. Nilipomaliza taa ya kwanza akainama kuitazama, nikadhani sasa atasema kitu.

Akasema stika imekaa upande.

Bakari aliruhusiwa kurudi nyumbani jioni ile ile. Jana asubuhi kaka ameondoka kwenda Dar, kabla likizo yake haijaisha. Hakupita hapa. Kwa Bakari hakutuma salamu wala radhi. Nimesikia kwa majirani kwamba ameondoka, kama ninavyosikia habari za watu wengine.

Mama alinipigia. Alilia, akasema nimemfukuza mtoto wake, hajui atamwona tena lini, na ningeweza kusubiri hata amalize safari yake kwa amani. Nilimwacha aseme. Akakata.

Bakari anasema ameshasamehe. Alisema hivyo asubuhi nilipokuwa namfunga vifungo vya shati, kwa wepesi, kama mtu anayesema chai imepoa. Mkono ni wake, maumivu ni yake, ana haki. Daktari amesema asishike kazi mpaka mfupa ushikane, na hata ukishikana hajui kama utakuwa na nguvu ile ile. Wateja wawili wameshakuja kuchukua vyuma vyao wapeleke kwa fundi mwingine. Aliwasaidia kuvihesabu.

Mimi sijasamehe, na leo sijifanyi. Ninamdharau kaka yangu. Nimelijaribu neno hilo kutwa nzima nione kama ni kubwa mno, nimeona linamtosha.

Mama ni jambo lingine. Simchukii. Nimejiuliza kama mimi ningekuwa na mtoto mmoja aliye mbali ningefanya nini, na jibu sikulipenda.

Kesho asubuhi nitakwenda Magomeni. Nitampelekea mihogo na nazi kama kila wiki. Sitaomba radhi na sitaanzisha maneno. Nitamwamkia, nitakaa kwenye mkeka, nitanywa chai yake, na nitasubiri aniulize mkono wa mkwewe unaendeleaje. Tangu Alhamisi hajauliza.

Na asipouliza?