Shahidi wa Ndoa Yako

Kwa Fadhil, Kipungani. Isome peke yako.

Mimi ni mzima, ila bega limevimba kwa kubeba makaa ya meli, na ile kofia uliyonishonea imekuwa nyeusi. Barua yako imefika. Unaniomba nije mwezi wa Rajabu niwe shahidi wa ndoa yako na Radhiya. Mimi, Fadhil? Mjomba wako Wazir alikuuliza mbele ya watu mimi ni nani kwako, ukanyamaza. Akauchoma mkeka tuliokuwa tukilalia, akanifukuza kijijini kama mbwa, nawe umesimama unatazama majivu.

Sasa sikiza. Juzi hapa Mombasa Mhindi mmoja alitundika shuka ukutani akaonyesha picha zinazotembea. Walikuwamo askari wawili wa Kizungu, mmoja kapigwa risasi. Mwenzake akampakata, akambusu mdomoni. Watu wakalia, hata nyapara wetu anayetupiga kwa kamba. Nikamuuliza, "Bwana, mbona hawa hawafukuzwi?"

Akafuta macho. "Yule anakufa, mjinga we. Maiti ana aibu gani?"

Tangu siku hiyo nina hasira. Kumbe nasi wangetulilia, lau mmoja wetu angekufa.

Mimi sifi, Fadhil. Nabeba makaa, na bado nakupenda. Tafuta shahidi mwingine. Na shekhe akikuuliza kama umekubali, jibu kwa sauti. Unajua kunyamaza kwako kunachoma nini.

Ni mimi Badawi, Kilindini.