Bakuli la Saa Kumi Alasiri

Kaka yangu mpendwa Thein Zaw,

Pokea salamu zangu, nikitumaini kwamba kile kikohozi kimekuachia na kwamba huko bandarini hawakubebeshi tena mizigo ya watu wawili. Sisi hatujambo. Mvua ni nyingi, mpunga umesimama vizuri, na mbwa wako kazeeka mpaka bata hawamwogopi.

Nina habari ya kukupa, na naomba uisome yote kabla hujakasirika.

Unamkumbuka mtawa wetu U Nandiya, yule mkali aliyekufukuza hekaluni kwa kupiga mluzi. Unajua watawa hawali adhuhuri ikishapita. Basi mwaka juzi, wakati wa ile homa iliyoua watu, alionekana saa kumi alasiri akipita nyumba kwa nyumba na bakuli lake, miguu mitupu. Kijiji kizima kilipigwa na butwaa. Shangazi Hla May, muuza supu ya tambi, alisema kwa sauti ili watu wamsikie, "Haya jamani, mtawa wetu kaanza kula chajio. Kesho tutamkuta kilabuni." Tulicheka. Mimi pia nilicheka, kaka.

Mwenyekiti wa kijiji akatumwa kumuuliza. Alirudi macho mekundu, akatueleza kwamba U Nandiya alikwenda kuwaombea wafu wa homa huko kijito kinakotokea, na watoto wawili wa marehemu wakamfuata mpaka hekaluni, kwa kuwa hawakuwa na mwingine wa kumfuata. Mtawa hapiki, hashiki fedha, haweki chakula cha kesho. Asubuhi aliwagawia chake. Jioni walilia njaa, naye hakuwa na njia ila kuchukua bakuli na kuja kuaibika milangoni kwetu. Alimwambia mwenyekiti kwamba kanuni inamkataza yeye kula, haijawakataza wao.

Sasa mayatima aliowapokea wako kumi na mmoja. Nimemwona kwa macho yangu akingoja mpaka wa mwisho ashibe, jua likapita utosini, akafunika bakuli bila kuonja na kukaa hivyo mpaka kesho yake. Nikimwona, najikuta nimeshapiga magoti, na sijui kama ni heshima au hofu. Shangazi naye siku hizi hupika chungu cha pili, na ole wake atakayemkumbusha maneno yake.

Sasa lile lililonikaa rohoni. Katika hao kumi na mmoja, wa tatu kufika ni Thiri, mtoto wa marehemu dada yetu. Barua zote nilizokuandikia kwamba analala kwangu na anakula vizuri zilikuwa uongo. Wiki moja baada ya kumzika dada, mtoto naye alishikwa na homa ile ile. Nilikuwa na kichanga kifuani, nikaingiwa na hofu. Nikamwacha kwenye ngazi za hekalu mvua ikinyesha, nikajificha nyuma ya ukuta.

U Nandiya akatoka. Kanuni yao haimruhusu kumgusa mwanamke, hata mtoto wa miaka minne. Alivua joho lake la juu, akamteremshia ncha, akangoja ile mikono midogo ishike. Alimpandisha hivyo ngazi moja moja, yeye mwenyewe akilowa. Kisha akautazama ule ukuta kwa muda, akaingia ndani. Mpaka leo hajanitaja kwa mtu.

Juzi nilikwenda kumchukua. Nilimlilia U Nandiya aniamulie. Akasema mtoto si mzigo wa kuwekwa na kuchukuliwa, nimwombe mwenyewe, na lolote atakalojibu nikuandikie wewe ukweli. Nimemwomba Thiri. Amesema haji kwangu, na simlaumu.

Mume wangu anakusalimu. Shangazi anauliza utaoa lini. Thiri hakutuma salamu, kwa kuwa hakujui. Aliniuliza tu kama huyo mjomba wa mbali ana sura ya mama yake, maana ameanza kuisahau.

Nimemwambia unayo. Njoo.

Mdogo wako,
Nwe Yi