Mishono Mitatu ya Sketi ya Kasuku

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo mwenzangu? Shemeji hajambo? Na mapacha, bado wanang'atana? Kifua chako kimetulia? Usinijibu "sijambo" ya mazoea, niandikie ukweli. Huku tu wazima. Mguu wangu wa kukanyagia cherehani huvimba jioni, lakini mguu wa fundi hodari lazima uvimbe.

Nakuandikia kukushukuru. Kwenye simu nitaanza kulia, na wewe utaanza kunicheka.

Unakumbuka siku ile nilipokupigia kujisifu kwamba nimepunguza kiuno cha sketi ya shule ya binti yangu mara ya tatu, na mshono hauonekani hata ukiutafuta kwa tochi? Badala ya kunipongeza ukaniuliza, "Dada, sketi imepungua mara tatu. Na mtoto je?" Nilikununia siku mbili nzima. Nikasema, huyu hajalea binti wa miaka kumi na mitatu, ataniambia nini?

Siku ya tatu nikamwita nimpime. Nimepima viuno vya mji mzima, mdogo wangu, lakini siku hiyo futi niliisoma mara mbili. Mtoto anaisha mbele ya macho yangu, nami nakazana kunyoosha mshono! Kumbe chakula chake kilikuwa kikiliwa na kuku wa jirani. Na yule tuliyemwita Kasuku kwa kusema hata usingizini, alikuwa amenyamaza tangu muhula uanze. Wateja wakiniambia, "Fundi, binti yako anaringa siku hizi," mimi nachekelea, nasema ndiyo kukua huko.

Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema, "Mama, hakuna mahali pa kukuonyesha." Kisha akanieleza jinsi kifua kinavyombana akikaribia geti la shule, na jinsi anavyolala akitamani asiamke. Hilo la mwisho nakuandikia wewe peke yako.

Nikafunga kazi, saa nne asubuhi, wateja wamejaa mlangoni. Nikampeleka kliniki. Daktari akasema ugonjwa una jina: sonona, na wasiwasi umefuatana nayo. Mimi nilidhani sonona ni ya watu wazima waliofiwa. Nilipoanza kujilaumu akanikatiza: "Mama, umemleta. Wengi hawawaleti." Sikufichi, kichwa kilinivimba kidogo.

Sasa kila Alhamisi anaongea na mshauri, mama mmoja mpole, blauzi yake imeshonwa ovyo lakini nimemsamehe. Haijaisha. Kuna asubuhi hawezi kuinuka, nami nakaa ukingoni mwa kitanda nikishona vifungo, simsemeshi mpaka aanze yeye. Mimi, kunyamaza! Muulize shemeji kama ataamini.

Lakini wiki iliyopita alijivika futi yangu shingoni, akabinua mdomo na kuniigiza: "Mshono wangu hauonekani hata kwa tochi!" Nilicheka hadi pini zikanidondoka mdomoni. Nani mwingine ana mtoto kama huyu? Nitajie mmoja.

Na jana akaja na sketi mkononi. "Mama, inanibana." Nikajifanya natafuta mkasi, nisimwonyeshe uso. Bahati nzuri kitambaa sikukikata, nilikikunja kwa ndani. Nikafumua mshono mmoja kati ya ile mitatu. Bado miwili, na sina haraka.

Kasuku anasema shikamoo mama mdogo. Nisalimie shemeji, na mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mola akulindie masikio hayo yanayosikia toka mbali.

Uzi niliofumua nimekutilia humu ndani ya bahasha. Ni wako. Usingeniuliza, ningekuwa bado nashona.

Wako akupendaye,
Dada yako, fundi