Feza Iko mu Bwati

Pinetown, Durban

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Mko wazima hapo Tanga? Kifua cha Baba kimepoa? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu nikituma sauti kwenye simu utaisikiliza na nyumba nzima, nawajua. Anakuletea Mama Zubeda, yule muuza vitenge, anasafiri leo. Isome peke yako. Naogopa, dada.

Hapa kwenye karakana ya usonara tuko watatu: bosi, Mupenda ambaye ni Mkongomani, na mimi. Juzi bosi alikuwa nje, akampigia Mupenda simu kwa Kiingereza, naye akaniletea ujumbe kwa Kiswahili cha kwao: "Mudogo, patron anasema utengeneze ile pete na feza iko mu bwati." Bwati ni kisanduku. Sasa wewe, binti wa sonara, ukisikia fedha utaelewa nini? Nikafungua kisanduku kilichokuwa mezani. Mna vipande vitatu vya fedha tupu, vya pembe nne, vidogo kama ukucha wa dole gumba, vina maandishi madogo nisiyoyajua. Nikasema alhamdulillahi, nimekatiwa kabisa. Nikayeyusha viwili.

Mupenda aliporudi kutoka kula akashika kichwa. "Eish! Feza ya kununua, ndugu yangu!" Kumbe kwao feza ni pesa tu. Noti zilikuwa kwenye kisanduku kingine, ndani ya droo, ili nikanunue fedha. Nilivyoyeyusha mimi ni sarafu za kale za Kijapani. Mwenyewe ni mama mmoja mjane, aliziacha zitiwe kwenye fremu ya kioo. Ndizo alizoachiwa na mumewe, aliyekuwa baharia.

Bosi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa akanieleza taratibu kama mwalimu. Zamani Japani vipande vinne kama hivyo vilibadilishwa kwa sarafu moja ya dhahabu. Nchi ilipowafungulia wageni, wafanyabiashara wakaja na dola za fedha za Meksiko, wakaweka kwenye mizani, dola moja kwa vipande vitatu. Kisha wakatumia vipande hivyo kuchukua dhahabu kwa bei ya chee na kwenda kuiuza kwingine. Baadaye serikali ikatoa yeni ya duara yenye picha ya joka, na vya pembe nne ikavikusanya na kuviyeyusha. "Vichache vilipona," akasema, "na wewe umeimalizia serikali kazi." Nilitaka kucheka, machozi yakatoka.

Halafu akafunga mlango. Akasema kipande cha tatu kipo, fedha ipo, na mikono ninayo. Nitengeneze kalibu ya kumiminia, nimimine viwili vingine, nivitie weusi vionekane vya kale, mama yule hatajua. Nikikataa, atawaambia polisi nimeiba, na kibali changu anajua kimeisha muda. Dada, kazi hiyo naiweza. Baba alinifundisha kumimina hata yeye mwenyewe asitofautishe. Jana nilishatengeneza kalibu. Nilipoitazama nikaona kweli imetoka nzuri, nikaifunika nisiione tena.

Yule mama mjane anakuja mchana huu. Asubuhi nimeivunja kalibu kwa nyundo. Lile donge la vile viwili nilivyoyeyusha nimelifunga kwenye kitambaa, nitamkabidhi pamoja na kipande kilichobaki na kumweleza nilivyosikia na nilivyofanya. Bosi hajafika bado. Mupenda ameapa atasimama nami, ila amekaa karibu na mlango wa nyuma, na viatu kafunga kamba vizuri. Simlaumu. Na mimi nimeutazama mlango huo asubuhi nzima.

Msalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie nimemkumbuka kwa utani wake. Mpwa wangu Tatu nambusu mashavu yote mawili. Shangazi Asha namwomba dua, na aniombee leo hii hii. Nikirudishwa na watu wakasema mtoto wa sonara kaiba fedha za watu, wewe mkalie Baba karibu, umwambie polepole: nilisikia vibaya, sikuiba, wala sikughushi.

Mama Zubeda ananiita, teksi imejaa. Nakushika mkono, dada.

Mdogo wako,
Bakari